Mabehewa Niliyoyaosha

Bradford, Pennsylvania
9 Februari 1983

Kwa Bwana Pruett,

Shikamoo. Hunijui. Naitwa Lenore Mabry, nina miaka kumi na mitatu, na ni mjukuu wa Verner Sandquist. Anwani yako nimeitoa kwenye kichupa cha dawa, na nitaeleza baadaye kidogo kichupa hicho nimekipataje. Nimefanya kosa. Mwalimu wetu, Bi Ostrander, anatufundisha kulieleza jambo kwa mpangilio: kwanza kilichotokea, kisha sababu, kisha ombi. Nitajaribu.

Tarehe kumi na nane Januari babu alipata kiharusi akinywa kahawa ya asubuhi. Kikombe hakikuvunjika. Sasa yuko kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa, mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa, wanamfundisha kutembea. Mama anasema Pasaka itamkuta nyumbani.

Mimi na mama tulihamia kwa babu Agosti iliyopita, baba yangu alipobaki Buffalo. Tangu hapo babu aliniruhusu kutazama treni zake ndogo nikiwa nimekaa kwenye ngazi za chumba cha chini, si zaidi. Alikuwa akisema, "Macho yashuke, miguu ibaki."

Nilitaka akirudi akute pasafi. Kwenye rafu kulikuwa na mabehewa ya tangi thelathini na moja, ya kubebea mafuta, kila moja refu kama kiganja changu. Yalikuwa machafu kuliko kitu chochote nyumbani humu: masizi, kutu, na mafuta yaliyokauka yakishuka ubavuni kutoka kwenye ile nundu ya juu yenye mdomo wa kujazia. Nikadhani ni uzee na vumbi la chumba cha chini. Jumamosi, mama akiwa kazini, niliyapandisha jikoni kwenye trei za kuokea, nikayaosha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Kazi ilinichukua muda wa saa nne. Maji yalitoka meusi, na kadiri yalivyozidi weusi ndivyo nilivyozidi kufurahi. Nilikuwa naimba, Bwana Pruett. Nakuambia hilo kwa sababu nadhani nalo ni sehemu ya kosa.

Niliporudisha behewa la mwisho rafuni ndipo nikaviona vichupa. Vilikuwa nyuma ya taa ya mezani, kumi na vinne, vyote na unga wa chaki, na juu ya kila kimoja mwandiko wa babu: Kutu changa. Kutu ya miaka kumi. Mafuta mazito. Mafuta ya jana. Masizi ya handaki. Vumbi la Agosti. Chini ya mwandiko wake kuna lebo iliyochapishwa: Duka la Dawa la Pruett, Moberly, Missouri. Nilivisoma vyote nimesimama, kisha nikakaa sakafuni. Sikuwa nimeosha uchafu. Nilikuwa nimeosha kazi yake.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe. Hata hivyo naomba uniambie kama kuna njia. Aliyempa babu vichupa lazima anajua alivitumiaje. Nataka kuyarudisha mabehewa yote thelathini na moja kama yalivyokuwa kabla babu hajarudi. Mama hajui, na babu hajui. Nina mkono mtulivu na alama nzuri katika somo la sanaa.

Wako kwa heshima,
Lenore Mabry


Moberly, Missouri
17 Februari 1983

Mjukuu wa Verner,

Marahaba. Duka niliuza mwaka juzi, lakini posta hapa wananijua, barua imenifika.

Kwanza futa machozi, wewe si wa kwanza. Marehemu mke wangu Opal aliwahi kuosha behewa langu moja mwaka 1961, siku tuliyokuwa na wageni. Sikusema naye siku mbili. Leo ningepewa siku mbili hizo, ningezitumia vingine kabisa.

Pili, sehemu ya kosa ni ya babu yako. Nilimwambia miaka nenda rudi: Verner, chaki haikai, tumia rangi ya mafuta kama binadamu wenzako. Akanijibu kwamba rangi ya mafuta imekufa, na kwamba ile dawa ya kupulizia ili chaki ishike huifanya itoweke, na yeye kazi moja haifanyi mara mbili. Basi alipaka chaki tupu na hakuruhusu mtu kugusa. Ndiyo maana uliambiwa miguu ibaki.

Kwa kuwa mabehewa sasa yako uchi, tengeneza kwanza mwili ndipo uyavike. Geuza kila behewa. Magurudumu yakiwa ya plastiki yatoe, plastiki huokota uchafu na kuupaka kwenye reli. Nitakutumia ya chuma. Vishikio vya mkono vilivyofinyangwa pamoja na plastiki ya behewa vikwangue kwa wembe, mama yako akiwepo, utoboe matundu na kutia waya mwembamba. Behewa likiwa jepesi litaruka kwenye kona, kwa hiyo gundisha vipande vya madini ya risasi chini ya sakafu yake kuliongezea uzito.

Halafu uchafu. Usipake uchafu. Jiulize behewa hili jana lilikuwa wapi, nani alilijaza, alisimama wapi, nini kilimponyoka. Jifunze kwa moja. Lifunge vizuri unitumie. Nitapaka ubavu mmoja, nawe utapaka wa pili ukiutazama wangu.

Jambo moja zaidi. Usimwambie babu yako kwamba umeniandikia. Usilitaje hata jina langu.

Clifford Pruett


Bradford
23 Februari 1983

Bwana Pruett mpendwa,

Shikamoo. Asante sana kwa kunijibu. Ninakutumia behewa namba 14, jeusi, lenye ngazi upande mmoja tu. Nimelivisha soksi mbili. Nimechagua hilo kwa sababu ndilo babu alikuwa akilitanguliza kila mara nyuma ya injini.

Nilijaribu peke yangu kwanza kwenye namba 30, na sikufanya vizuri. Nilipaka kutu kila mahali sawasawa, likawa kama keki ya chokoleti. Nililiosha tena. Safari hii sikuimba.

Jumapili tulikwenda kumwona babu. Anaweza kusema ndiyo na hapana, ingawa mara nyingine huyachanganya, kisha anakasirika. Muuguzi alimwuliza kama supu imepoa akasema ndiyo, akaungua, akamtazama muuguzi kama vile ndiye aliyebuni moto. Mama alicheka hadi akatoka nje. Alikaa nje muda mrefu. Mkono mmoja wa babu umelazwa juu ya mto mdogo kama kitu alichoazimwa. Mama anasema umelala tu na utaamka.

Sikukutaja. Nimefurahi kwamba unataka iwe siri ya kumshangaza. Mimi pia nadhani atafurahi zaidi hivyo.

Wako kwa heshima,
Lenore


Moberly
4 Machi 1983

Lenore,

Behewa lako hili hapa, na seti thelathini na moja za magurudumu ya chuma. Nimepaka ubavu usio na ngazi, tuuite mgongo. Ni rangi ya mafuta, unaweza kuusugua kwa kidole na hautatoka. Wa ngazi ni wako, kwa chaki za babu yako.

Tazama mgongo wangu kwa makini. Vumbi chini, linapungua kadiri unavyopanda. Kutu kwenye kila mshono. Ila chini ya nundu hakuna hata tone la mafuta. Mjazaji husimama upande wa ngazi, bomba linatoka upande wa ngazi, basi kinachomwagika kinamwagika upande wa ngazi. Mafuta yote yaweke huko kwako. Watu wengi hukosea hapa. Nilikuwa mwamuzi wa mashindano ya treni ndogo kwa miaka kumi na mmoja, nimeona mengi.

Ule mkono uliolala ni upi?

C. Pruett


Bradford
13 Machi 1983

Bwana Pruett mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako ni mzuri mno. Niliuweka karibu na dirisha nikasahau chakula. Nimekwishamaliza ubavu wa pili, na mengine tisa, yote na magurudumu ya chuma na vishikio vya waya. Kidole kimoja kina plasta lakini si kibaya. Namba 30 sasa linaonekana kama limesafiri.

Nilifanya kama ulivyosema, nilijiuliza nani alilijaza. Halafu nikaona kwamba kuuliza kwa kichwa hakutoshi, na kiwanda cha mafuta alichofanya kazi babu kiko mwisho wa barabara yetu. Jumatano baada ya shule nilisimama kwenye uzio na daftari. Theluji ilikuwa imefika kwenye buti. Mzee mmoja mwenye kofia ya masikio alinitazama, akapita, akarudi. Anaitwa Delmar Yost.

Aliniuliza, "Wewe ni wa Verner?"

Nikasema ndiyo, amejuaje.

"Unasimama kama yeye. Kama mtu anayetafuta kosa la mwenzie."

Alinipa kofia ngumu akanipeleka hadi kwenye mstari mwekundu, karibu na mahali wanapojazia. Alinieleza kwamba mabehewa ya siku hizi hayana nundu, lakini bomba ni lile lile la enzi za babu. Sasa nina swali, na naliuliza kwa heshima. Bomba linatoka upande wa ngazi kama ulivyosema. Lakini liligongwa na lori mwaka 1954 na shingo yake ikapinda, hivyo mdomo unapita juu ya behewa na kuchungulia ng'ambo. Wakilinyanyua, matone ya mwisho yanaangukia mgongoni. Niliona kwa macho yangu mara tatu. Bwana Yost alisema babu alilipa jina, Mtema Mate, na kwamba kila behewa lililojazwa Bradford lilijulikana njia nzima kwa doa lake la nyuma. Nimekuchorea kwa rula, mchoro uko ukurasa wa pili.

Kwa hiyo, je, mafuta ya nyuma ni kosa, au ni sahihi kwa Bradford tu? Sitagusa mgongo wako. Nauliza kwa ajili ya mengine ishirini na moja.

Mkono ni wa kulia. Zimebaki siku ishirini na moja hadi Pasaka, ambayo ni behewa moja kwa siku. Naona nitawahi.

Wako,
Lenore


Bradford
15 Machi 1983

Bwana Pruett,

Mimi ni Ingrid, binti wa Verner na mama wa Lenore. Nimekuta boksi lako chini ya kitanda cha mwanangu pamoja na barua zako. Nimezisoma. Sitaomba radhi kwa hilo.

Habari ya kuosha naijua tangu siku ile ile. Sinki lilikuwa na duara jeusi ambalo mtoto hakuliona. Nilishuka chini, nikayaona yaking'aa, nikapanda tena. Sikuwa na nguvu ya kulisema.

Na jina lako nalijua. Halijatajwa katika nyumba hii tangu 1977. Baba alirudi kutoka mashindano ya Kansas City na behewa moja na karatasi moja ya alama. Behewa alilirudisha kwenye reli. Karatasi aliibandika nyuma ya mlango wa chumba cha chini, na bado iko: "Mafuta yamepakwa upande usiowezekana. Alama sita zimeondolewa." Saini ni yako. Mlikuwa mmeandikiana miaka kumi na tisa. Mama yangu alikuwa akikuita mke mwenza.

Sasa unamfundisha mtoto, na unamwambia asikutaje. Yeye anadhani mnamwandalia babu zawadi.

Nitakuambia nisichomwambia yeye. Daktari alisema tangu mwezi uliopita: mkono wa kulia hautarudi, na baba hatarudi nyumbani. Moyo wake nao umechoka. Lenore anahesabu siku kwa mabehewa. Kila asubuhi ananiambia limebaki lipi. Tangu baba yake abaki Buffalo sijamwona akiamka bila kuitwa, ila mwezi huu. Nimefungua kinywa mara nne na mara nne nimemwuliza kama amekula.

Sijui nikuombe uache au uendelee. Naomba tu usimwahidi kwamba babu yake atayaona kwenye reli.

Ingrid Sandquist


Moberly
26 Machi 1983

Bi Ingrid,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nimeandika barua mbili, na ya pili ilinichukua siku nane. Iko ndani ya hii, imefungwa, ni ya Verner. Kama bado anasikia, naomba umsomee.

Ulivyoandika ni kweli yote. Niongeze usichokijua. Mimi nilikuwa muuza dawa. Behewa la tangi la kweli nimeligusa mara moja maishani, kwenye maonyesho, na lilikuwa limetoka kupakwa rangi mpya. Mengine yote niliyajua kwa vitabu na picha. Baba yako aliyajaza kwa miaka thelathini na mmoja, akaleta mezani kwangu behewa lenye doa ambalo yeye mwenyewe alilimwaga, nami nikamwandikia kwamba haliwezekani. Aliniuliza mbele ya watu, "Clifford, umewahi kusimama pale?" Watu walicheka. Sikusema sijawahi. Niliondoa alama sita.

Kwa miaka sita nilijiambia kwamba nilifuata kanuni. Sasa mtoto wa miaka kumi na mitatu amesimama kwenye theluji akatazama tone linaangukia wapi, akanichorea kwa rula, akaniuliza kwa adabu kama ni kosa. Nimeshindwa kumjibu yeye kabla ya kumjibu Verner. Hayo ndiyo yaliyomo katika barua ya pili, kwa maneno machache zaidi.

Kuhusu mkono, nilijua tangu barua yake ya Februari. Nilimwuliza ni upi nikitumaini ataandika wa kushoto.

Mwambie, Bi Ingrid. Mimi sina haki ya kukushauri, lakini mtu anayekwenda kutazama mwenyewe huwezi kumficha kwa muda mrefu, na siku atakapogundua, atakumbuka ni nani alikaa kimya.

Clifford Pruett


Bradford
8 Aprili 1983

Bwana Pruett mpendwa,

Shikamoo. Nitaeleza kwa mpangilio, ingawa safari hii ni vigumu.

Mama hakungoja barua yako. Aliniambia Jumamosi tarehe ishirini na sita, nikiwa nakata waya. Alikaa kwenye kiti cha babu, ambacho hajawahi kukikalia, akasema babu hatarudi nyumbani, si Pasaka wala baadaye, na kwamba mkono haukuwa umelala. Nilimwuliza amejua tangu lini. Aliniambia. Kisha nikamwambia kwamba niliyaosha mabehewa, akasema na hilo amelijua tangu lini. Baadaye aliniuliza kama waya huu unaukata kwa mkasi gani, maana mkasi wake wa kushonea hauonekani.

Kwa kuwa babu hakuweza kuja kwenye mabehewa, nilimwomba mama tuyapeleke mabehewa kwake. Yalikuwa yametimia ishirini na mawili. Jumapili ya Matawi tulichukua matatu tu, kwa sababu meza ya kitandani ni ndogo: namba 30, namba 7, na namba 14, lile letu sote wawili. Nilikipanga kipande cha reli juu ya trei ya chakula.

Nilimwambia kabla sijafungua boksi. Nilisema, babu, yale uliyoyapaka niliyaosha yote kwa sabuni, nilidhani ni uchafu. Alifumba macho. Mama alinishika begani. Alipofumbua nikamwekea namba 30 mkono wa kushoto. Aliliangalia chini kwanza, akazungusha gurudumu kwa ukucha, akasikiliza. Halafu kutu. Halafu akanyoosha mkono nimpe la pili.

Namba 14 aliligeuza akatazama mgongo wako. Nakuhakikishia sikukutaja, nilishika neno lako. Alisugua mgongo kwa dole gumba, polepole, akatazama dole. Halikuwa na kitu. Akasugua tena kwa nguvu. Hakikutoka kitu. Ndipo uso wake ukabadilika, ule upande unaoweza kubadilika. Akasema neno moja, safi kabisa, la kwanza safi tangu Januari.

"Mjinga."

Nilidhani ananiambia mimi. Mama akasema, "Si wewe, mwanangu." Mama alikuwa anacheka na kulia.

Kisha babu aliligeuza behewa, akalaza dole gumba kwenye doa langu la mafuta upande wa ngazi, akakandamiza hadi likawa jeusi, akalipitisha juu ya nundu na kulishusha mgongoni, mahali pale pale ulipoacha pasafi. Mkono wa kushoto haukuzoea kazi hiyo, kwa hiyo doa halikunyooka. Kwa kweli ndivyo linavyokuwa, hata kiwandani halinyooki. Aliliweka kwenye reli, mgongo ukimwangalia yeye, na hakutaka tuliondoe. Muuguzi aliyeleta chakula ilibidi akishike mkononi.

Babu alifariki Jumatano, asubuhi, kabla hatujafika. Tulimzika Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka. Bwana Yost na wenzake wanne walibeba jeneza.

Barua yako ilifika Alhamisi. Mama aliniuliza kama turudishe ile iliyofungwa. Nilisema yeye ni binti yake, aisome. Aliisoma jikoni amesimama, akaikunja, akaitia katika mfuko wa koti alilovikwa babu. Halafu akanionyesha karatasi ya nyuma ya mlango na kunieleza yote. Nilikukasirikia, Bwana Pruett. Ulinifanya nidhani ni zawadi. Nilikasirika Ijumaa nzima na sehemu ya Jumamosi. Baadaye nilifikiri kwamba mimi pia nilificha, na mama pia, na kila mmoja wetu alidhani anamhurumia mwenzake.

Nimejiuliza mara nyingi kama babu alikusamehe au alifurahi tu kwamba alishinda. Sijui, na sitaki kukuandikia ninachokitamani badala ya nilichokiona. Nilichokiona ni kwamba alijua ni wewe, na hakulisukuma behewa mbali.

Yamebaki tisa. Nitayamaliza, ingawa hakuna tarehe tena. Mwezi wa Juni tutahamia kwenye nyumba ndogo ya kupanga, na reli zitang'olewa, kwa hiyo nataka kabla ya hapo treni nzima ipite mara moja ikiwa na mabehewa yote thelathini na moja.

Mama anasema namba 14 ni haki yako. Nami nakubali, lakini siwezi kulituma. Doa la babu ni chaki tupu juu ya rangi yako, hata alama za ngozi ya dole zinaonekana ukilielekeza kwenye mwanga. Nikilipulizia dawa litatoweka. Nikilivisha soksi litafutika kabla ya Ohio. Nimelifunika kwa bakuli la kioo la keki na kila mtu amekatazwa kulisogelea. Nimefikiri njia zote na nimebaki na moja tu.

Kitanda cha babu kimetandikwa. Basi la kutoka Buffalo linaingia hapa saa tisa alasiri, kila siku isipokuwa Jumapili. Tuandikie siku ya kufika tu. Nitakuwa kituoni, nina koti la kijani.

Wako,
Lenore